Kifua Kinapanda

Daktari Aneth Maduhu alizaliwa na kinyaa, na hakukionea haya. Kikombe cha hotelini alikisuuza mwenyewe kwa maji ya moto kabla hakijagusa mdomo wake. Shuka la nyumba ya wageni alilinusa, akakunja uso, akalitupa kitini na kutandika lake alilotoka nalo nyumbani Ngokolo. Wauguzi wa wodi ya watoto aliyofanyia kazi kule Shinyanga walimwita Dokta Kinyaa. Walidhani hajui. Alijua, na jina lilimpendeza, kwa sababu aliona afadhali kuitwa hivyo kuliko kuwa mtu aliyezoea uchafu mpaka hauoni tena.

Siku alipoingia ukumbini Kalangalala, mjini Geita, kuwafundisha matabibu na wauguzi namna ya kumwokoa mtoto anayekata roho, hakuwatazama watu kwanza. Alitazama zulia. Lilikuwa na mabaka ya mafuta ya harusi ya juzi, na kwenye kona mtu alikuwa ameisukumia mifupa ya kuku nyuma ya pazia badala ya kuizoa. Nzi walikuwa wameshawahi semina.

"Karibu, Dokta, ukumbi wenyewe ndio huu," alisema Bwana Abdulhalim, mratibu wa mradi uliogharamia mafunzo. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mtoto wa wafanyabiashara wa mjini, na alikuwa akichokonoa meno kwa ncha ya kitambulisho chake. Alipomaliza alikifuta kitambulisho kwenye suruali, akakivaa tena shingoni, kisha akampa Aneth mkono uleule.

Aneth akaupokea. Afanyeje? Adabu ni adabu. Lakini mkono wake ulibaki ukining'inia mbali na gauni mpaka alipopata bomba la maji.

Abdulhalim akafungua boksi kubwa lililofungwa kwa kamba ya katani. Ndani alilala mwanasesere wa mpira, ukubwa wa mtoto wa miaka mitatu hivi, ambaye watu wa mradi walimwita Mtoto wa Mradi. Alikuwa ametoka Isaka kwenye mafunzo mengine. Midomo yake ilikuwa na rangi nyekundu ya mwanamke fulani aliyempulizia pumzi mdomo kwa mdomo, na kuzunguka rangi hiyo mate yalikuwa yamekauka yakawa utando mweupe. Hakuna aliyemfuta. Walimtia kwenye boksi hivyohivyo, na vumbi lake, kama kiatu.

"Bwana Abdulhalim, huu ni uchafu," alisema Aneth.

"Ni safari, Dokta. Vumbi la Isaka unalijua."

"Mate si vumbi."

Alitoa pamba na spiriti kwenye mkoba wake, akamfuta Mtoto wa Mradi midomo, pua, na pembe za macho, akarudia mpaka pamba ikatoka nyeupe. Kisha akachukua ambu, ule mfuko wa mpira wa kumsukumia mgonjwa hewa, akaweka maski yake usoni pa mwanasesere, akaminya. Hewa iliingia. Kifua kikakaa palepale, bapa. Akaminya tena, na kifua kikakataa.

Hapo ndipo penye kazi yote. Mtu mzima aghalabu moyo wake husimama kwanza, pumzi ikafuata. Mtoto mara nyingi ni kinyume: pumzi humtoka kwanza, moyo ukajikokota peke yake kwa dakika chache, kisha nao ukachoka. Anayemrudishia pumzi mapema humrudisha mtoto mzima. Na dalili kwamba hewa imefika ni kifua kupanda. Kisipopanda, sindano na dawa na mashine vyote ni mapambo.

"Huyu hafai," alisema Aneth. "Kifua chake hakipandi."

"Mfuko wa mapafu umepasuka. Kule Isaka walimkalia."

"Walimkalia!"

"Mizigo ilikuwa mingi kwenye gari, Dokta, watu wakakosa pa kukaa. Mapafu mengine yameagizwa." Abdulhalim alikuwa ameshaanza kutafuta soketi ya kuchomeka spika. "Wewe waambie waseme tu. Wakifika hapo waseme kifua kinapanda, utajua kwamba wanajua."

Ilikuwa rahisi kukubali, kwa sababu wote walilelewa hivyo. Chuoni, siku ya mtihani wa vitendo, mwanafunzi husimama mbele ya kitanda mikono mikavu akatangaza, "Nimenawa mikono." Viganja viko wazi, anasema, "Nimevaa glavu." Glavu hazitoshi, maji hayatoki, muda hauruhusu, basi maneno hushika nafasi ya mikono na msimamizi anatoa alama. Aneth mwenyewe alipata udaktari kwa kusema hivyo, na alikuwa ameshawapa wengine alama kwa kuwasikia wakisema. Angeweza kufunga boksi siku ile na kurudi Shinyanga. Lakini watu walikuwa wameshakaa, wengine wametoka mbali na mabasi ya alfajiri, na mgeni rasmi alikuwa mlangoni akipigwa picha.

Aliwaambia waseme. Midomo ya mwanasesere ilikuwa safi, na yeye alijiona ametimiza wajibu.

Basi ukumbi ukaitika. Siku nzima, na siku zilizofuata, ilikuwa ni "kifua kinapanda" tu, kwa sauti nene na nyembamba, kwa lafudhi ya Kisukuma na Kizinza. Mtu anaminya ambu, wenzake wanaitikia, halafu makofi. Saa ya chakula ikifika, wanakwenda kwenye kuku wa kukaanga, na wakirudi wanaishika ile maski kwa vidole vinavyong'aa mafuta. Aneth aliwapeleka bombani wote kama watoto wa chekechea. Wakacheka, wakanawa, wakajifutia kwenye mapazia. Alirudi chumbani kwake jioni akinuka kuku, akaoga mara mbili.

Aliyewapendeza wote alikuwa Enock, tabibu mfawidhi wa kituo cha afya cha Mwabagalu, huko ndani kwenye machimbo ya dhahabu. Enock aliimba kwaya, na sauti yake ilikuwa nzuri kweli, ya kumtuliza mtu aliyefiwa. Kila hatua ya kuokoa mtoto aliikariri bila kukosea neno. Wenzake walimwita Profesa. Alikuja na muuguzi wake, Swaumu, dada mpole aliyekuwa akiitikia kila alichosema mkubwa wake.

Siku ya mtihani Enock akasimama mbele ya Mtoto wa Mradi, akaanza.

"Ninahakikisha mazingira ni salama. Ninainua kidevu. Ninaweka maski, ninaibana isivujishe. Ninaminya. Kifua kinapanda. Ninaminya. Kifua kinapanda."

Aneth hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akitazama mkono wake wa kushoto. Maski ilikaa upande, dole gumba limezama kwenye jicho la mwanasesere, na kila akiminya hewa ilitoka shavuni ikipiga mluzi.

"Maski yako inavuja, Enock."

"Ni kweli, Dokta, ninairekebisha," alisema Enock, na hakusogeza hata kidole. "Nimerekebisha. Kifua kinapanda."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Aneth naye, Mungu amsamehe, alitabasamu.

Hata hivyo aliondoka mezani akiwa ameazimia kumwangusha Enock, arudie mafunzo. Abdulhalim alimfuata mpaka kwenye korido, mdomo umejaa sambusa.

"Dokta, usiniharibie. Huyo ndiye atakayesoma risala mbele ya wafadhili."

"Hajui kushika maski."

"Anajua hatua zote! Halafu fikiria, Mwabagalu kule hakuna mwingine. Ukimwangusha huyu, wale watoto wanabaki na nani?" Chembe ya sambusa ikaruka ikatua kwenye mkono wa gauni la Aneth. "Mpitishe. Mkono utazoea hukohuko kazini."

Mabwawa ya Mwabagalu Aneth aliyajua. Kila mwalo, pale wachimbaji wanaposafisha mchanga wa dhahabu, una bwawa lake la maji ya tope, halina uzio, na nyumba za watu ziko hapohapo ukingoni, na watoto huzama humo. Kituo kile kilichaguliwa kwa sababu hiyo. Aliifuta chembe ile ya sambusa kwa karatasi, akaifuta tena kwa spiriti, akarudi ndani akaweka sahihi kwenye cheti cha Enock.

*

Mvua za kwanza zilipokwisha, mradi ulimtuma akakague matunda ya mafunzo. Abdulhalim alikwenda naye, simu yake imeshachajiwa tayari kwa picha na video. Barabara ya Mwabagalu ilikuwa nyekundu na mbaya, na kabla ya kuona nyumba yoyote walisikia makarasha, mashine za kusagia mawe, yakinguruma pande zote.

Kituo chenyewe kilimkata Aneth pumzi mlangoni. Kwenye kamba ya nguo, kati ya khanga na shuka za wodi, zilianikwa glavu zilizotumika, zimefuliwa, zimejaa upepo, vidole vikipunga. Beseni la kunawia lilikuwa na maji ya kijivu, na juu ya maji yale mzoga wa mende. Sakafu ilipigwa deki kwa kitambaa kilichokuwa kikinuka kuliko sakafu. Aneth aliupandisha mkanda wa mkoba wake begani ili usiguse ukuta.

"Karibuni, wageni wetu!" Enock alitoka kwa furaha. "Shikamoo, Dokta. Swaumu, wageni hao."

"Marahaba. Enock, zile glavu pale nje ni za nini?"

"Za usafi tu, Dokta. Za mgonjwa tunazo nyingine." Akawaongoza kwenye chumba cha dharura. "Njooni muone hazina yetu."

Ukutani, kwenye msumari, kilining'inia cheti chenye sahihi ya Aneth, kimewekwa fremu na kioo. Kwenye msumari wa pili ilining'inia ambu ya watoto, ndani ya nailoni yake, imefungwa utepe mwekundu wa siku ya makabidhiano. Utepe haukuwa umefunguliwa.

"Hatujaigusa," alisema Enock kwa fahari. "Iko vilevile mlivyotupa."

"Mngeiharibu!" Abdulhalim alishangilia, akaipiga picha. "Wafadhili wataipenda hii."

Aneth alitaka kuuliza ni watoto wangapi waliopita chini ya msumari ule, wamelazwa kwenye kitanda kile, na hazina ikiwatazama kutoka juu ndani ya nailoni. Badala yake alipanda juu ya stuli, akaitoa ambu mwenyewe, akachana nailoni kwa meno, na utepe akautupa kwenye ndoo ya takataka. Enock aliutazama utepe ule kwa huzuni.

Ni wakati huo pikipiki ilipoingia uani kwa kasi. Nyuma ya dereva alikaa mwanamke kijana, miguu mitupu, mtoto mikononi. Aliteremka kabla pikipiki haijasimama.

"Mayu wane, mama yangu!" alilia. "Nisaidieni! Ameingia bwawani! Nimemtoa, haongei!"

Mtoto alikuwa wa kike, wa miaka mitatu hivi, uchi, amepakwa tope la mwalo toka utosini mpaka nyayo. Lilikuwa tope la kijivu, laini, lenye kunuka chuma na choo na dawa za watu wa dhahabu. Njiani upepo wa pikipiki ulikuwa umeshalikausha kifuani pake, limetandaa sawasawa. Puani na mdomoni lilikuwa bado bichi.

Na hapa Dokta Kinyaa hakuona kinyaa. Alimnyakua mtoto, akamlaza kitandani, akalitoa tope mdomoni kwa ncha ya kilemba chake mwenyewe, akafuta pua, akaweka vidole kwenye mshipa wa mkono. Akasubiri. Ulikuwepo. Ulikuwa hafifu na wa polepole, lakini ulikuwepo.

"Moyo unapiga!" alisema. "Hapumui, lakini moyo unapiga. Anataka hewa tu huyu. Enock, mpe hewa. Swaumu, niletee adrenalini na sindano ya mfupa."

Enock aliishika ambu. Mama alitolewa nje kwa upole, akakimbilia dirishani, akashika nondo kwa mikono miwili. Aliitwa Mama Milembe, na mtoto huyu ndiye Milembe mwenyewe. Abdulhalim alirudi nyuma mpaka kwenye kona, akainua simu yake, akaanza kurekodi.

Aneth akahamia miguuni. Moyo ule wa polepole ungeweza kusimama wakati wowote, na mishipa ya mtoto ilikuwa imejificha, kwa hiyo dawa ingepitia kwenye mfupa, chini kidogo ya goti. Hapo kituoni hakuna mwingine aliyewahi kuingiza sindano hiyo. Akainama. Mguu uliteleza kama sabuni. Akaufuta, ukateleza tena.

Juu ya kichwa chake sauti ya Enock ilianza, tulivu, ya kwaya.

"Ninainua kidevu. Ninaweka maski, ninaibana isivujishe. Ninaminya. Kifua kinapanda."

"Kinapanda," aliitikia Swaumu.

Aneth akasikia, na moyo wake ukatulia. Kinapanda, basi kuna muda. Akapangusa mguu kwa gauni lake, akatafuta mahali, akasukuma sindano, ikapinda pembeni. Akaitoa.

"Ninaminya. Kifua kinapanda."

"Kinapanda."

Dirishani Mama Milembe alikuwa ameshatoa simu. Alipiga kelele ili asikike juu ya makarasha ya upande wa pili. "Baba Milembe! Baba Milembe, anapumua! Wamesema kifua kinapanda! Ndiyo! Madaktari wenyewe wamesema, wa kutoka mjini!" Nyuma yake wanawake waliokuwa kwenye foleni ya kliniki walianza kumshukuru Mungu kwa sauti, na mmoja akapiga kigelegele.

Sindano ikaingia. Aneth aliihisi ikitoboa mfupa na kukaa. Akainua kichwa ili aone anavyoendelea.

Kwanza aliona dole gumba la Enock. Lilikuwa limezama kwenye jicho la mtoto. Maski ilikaa upande, na kila Enock akiminya, hewa ilitoka shavuni ikipiga mluzi na kurusha matone ya tope. Kisha akaona kifua. Tope lililokauka juu yake lilikuwa bado limetandaa sawasawa, toka shingoni mpaka kitovuni. Halikuwa na ufa hata mmoja.

"Kifua kinapanda," alisema Enock.

"Kinapanda wapi?"

Enock alimtazama, ameshangaa kama mtu aliyekatizwa sala. "Nilikuwa nasema hatua, Dokta."

Aneth alimsukuma. Alimsukuma kwa bega, kwa nguvu zote, mpaka akagonga ukuta na cheti kikaanguka. Akakiinua kidevu cha mtoto, akaikandamiza maski kwa vidole vyake, akaminya. Tope la kifuani likapasuka. Nyufa zilikimbia huku na huku, na magamba madogo yakadondoka ubavuni, na chini yake kifua cha Milembe kilipanda, kikashuka, kikapanda. Ilikuwa rahisi hivyo. Ingekuwa rahisi hivyo tangu mwanzo.

"Mshipa, Swaumu."

Swaumu alitafuta shingoni, akatafuta mkononi, akatafuta kwenye paja. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka.

"Siupati, Dokta."

Wakafanya kila linalofanywa. Swaumu alikandamiza kifua, Aneth akaminya ambu, dawa ikapita kwenye ule mfupa, ikapita tena. Kila pumzi ilikipandisha kifua vizuri. Enock alisimama ukutani akisema, "Mungu wangu, Mungu wangu," kwa sauti ileile nzuri. Waliendelea mpaka jasho la Swaumu likawa linadondokea kwenye tope, na mpaka Aneth alipomwinua mtoto kope na kuona mboni zimetanuka na hazijali mwanga.

"Basi," alisema. "Acha, dada. Basi."

Kutoka kwenye kona Abdulhalim alishusha simu, akakohoa kidogo.

"Poleni sana. Kazi ya Mungu haina makosa." Akasogea karibu, akapunguza sauti. "Dokta, ile sehemu ya mwanzo imetoka vizuri sana. Sauti ya Enock, mnavyoitikiana, halafu kile kigelegele cha akina mama. Tunaweza kukata hapo. Hizi za mwisho si lazima mtu azione."

Aneth alitoka mlango wa nyuma. Alifika kwenye ile kamba ya glavu, akashika nguzo, akatapika. Alitapika chai ya asubuhi, kisha maji, kisha nyongo. Glavu zilikuwa zikimpungia juu ya kichwa. Wala hakuwa akitapika kwa ajili ya tope, wala glavu, wala mende. Alikuwa ameyafuta maisha yake yote kwa spiriti, na uchafu mmoja ulioua ulipita mbele yake siku kadhaa mfululizo, kwa sauti, akautilia sahihi kwa sababu haukuwa na harufu.

Alijifuta mdomo kwa kiganja. Enock alikuwa amemfuata.

"Dokta, mama yuko mlangoni. Tunamwambia alifika tayari amekwisha, sivyo? Huwa tunasema hivyo. Inawapunguzia maumivu."

"Inampunguzia nani?"

Macho ya Enock yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikwaruza. "Mimi sikujua kama hewa haipiti, Dokta. Yule wa mpira naye hakupanda hata siku moja. Niliona ndivyo inavyokuwa."

Lilikuwa jambo la kweli kuliko yote aliyowahi kuyasema. Aneth alipita pembeni yake akarudi ndani.

Mama Milembe alikuwa amesimama mlangoni, hajathubutu kuingia. Tope lilikuwa limemkauka mikononi mpaka kwenye viwiko. Simu alikuwa bado ameishika. Alitazama kitandani, ambako Swaumu alikuwa amemfunika mtoto kwa khanga mpaka kichwani, akarudisha macho kwa Aneth.

"Mbona mmemfunika uso?" aliuliza. "Atapumuaje?"

"Mama Milembe," alisema Aneth. "Mtoto amefariki."

"Hapana." Alitikisa kichwa taratibu, kama anayemsahihisha mtu aliyekosea njia. "Hapana, daktari. Nilikuwa dirishani. Nimesikia. Mlisema kifua kinapanda."

"Alifika akiwa tayari..." alianza Enock.

"Alifika moyo unapiga," alisema Aneth. "Kifua hakikupanda, mama. Tulisema kinapanda, na hakikupanda."

Mwanamke yule alimtazama. Hakulia. Alikuwa anatafuta usoni pa Aneth sababu, kama mtu yeyote mwenye akili timamu angeitafuta.

"Sasa kama hakipandi, mlikuwa mnasema kwa ajili gani?"

"Tumezoea kusema," alijibu Aneth. "Mimi ndiye niliyewafundisha."

Simu ikaita mkononi mwa mama. Wengine wote waliitazama. Iliita mpaka ikakatika, ikaanza tena. Mama Milembe hakukitazama kioo chake. Alinyoosha mkono wenye tope, akamwekea Aneth simu kiganjani.

"Ni baba yake," alisema. "Mimi nimeshamwambia anapumua. Hilo jingine mwambie wewe uliyefundisha."

Kisha akaingia ndani, akaketi kitandani, akafunua khanga, akaanza kumtoa binti yake tope masikioni kwa ukucha.

Simu ilikuwa inanata. Aneth aliibonyeza, akaiweka sikioni. Karasha lilikuwa likinguruma upande wa pili, na juu yake mwanaume alikuwa akipaza sauti, akicheka na kuhema kama mtu anayetembea haraka.

"Mama Milembe! Nipo njiani nakuja! Ameshalia? Niwekee nimsikie, niwekee nimsikie kidogo tu!"

"Baba Milembe," alisema Aneth. "Mimi ni daktari. Simama hapo ulipo unisikilize."